Pole ya Nini, Mzazi?

Kabla idara ya zimamoto haijafungua ukurasa wake mtandaoni, askari akifia kazini utaratibu ulikuwa mmoja. Watu wawili walivaa sare kamili, wakaenda nyumbani kwake kwa gari lisilopiga king'ora, wakaomba kuketi, ndipo wakasema. Redio na magazeti vilisubiri. Afisa habari wa idara aliingia kazini enzi hizo, na mara mbili alikuwa mmoja wa hao wawili. Aliijua kazi hiyo ilivyo nzito, hasa pale mwenyeji anapokukaribisha kwa furaha na kukuuliza kama utakunywa chai.

Siku hizi kazi yake ilikuwa simu mbili na kompyuta moja. Alijibu wananchi waliolalamikia gari lililochelewa, alikanusha uvumi, aliwapiga picha askari wakiosha magari. Aliyezoeana naye zaidi pale kituoni ni askari mmoja mrefu ambaye wote walimwita Ngazi. Kila Ijumaa Ngazi alichungulia mlangoni na kuuliza, "Dada wa habari, wiki hii tumesifiwa au tumetukanwa?" Kwa kuwa alimwita dada, mkewe, mwalimu wa darasa la pili, naye akamwita wifi. Ngazi alilifanyia neno hilo utani. Wenzake, alisema, wake zao wanalilia waifai, wa kwake ametosheka na wifi.

Alifariki Jumanne moja asubuhi. Ghala la magodoro lilishika moto, akapanda kutoboa paa ili moshi upate pa kutokea, paa likatitia chini yake. Saa nne na dakika ishirini daktari alisema amekwishakata roho.

Baada ya dakika kumi mkuu wa idara alimpigia afisa habari.

"Umeona wanachoandika huko?"

Alikuwa ameona. Mtu mmoja mwenye wafuasi laki tatu aliandika kwamba askari wawili wamekufa na gari lilikwenda bila maji. Yote mawili uongo.

"Toa taarifa. Jina, picha, saa. Dakika tano, usizidishe."

"Mkuu, mkewe ameshaambiwa?"

"Gari limeshaondoka kwenda shuleni."

"Limefika?"

"Litafika. Tukinyamaza sisi, wao wataandika watakavyo. Siku hizi ukikaa kimya umekiri."

Afisa habari alijua barabara ya kwenda shuleni inapita pale ghalani. Alijua imefungwa, kwa kuwa ni yeye aliyewatangazia wananchi asubuhi ile kwamba imefungwa. Alimpigia dereva mara moja, simu haikupokelewa. Akaandika. Aliandika vizuri, maana mtu aliyekuwa anamwandika alimjua. Aya tatu fupi, na picha ya Ngazi anacheka, kofia mkononi. Saa nne na dakika arobaini na moja akabonyeza.

Mwalimu alikuwa ubaoni akiwafundisha watoto herufi kubwa. Simu aliiacha mezani siku zote, kwani kundi la wazazi wa darasa lake halikuwa na saa: mtoto ameamka na homa, mtoto amesahau daftari. Ilitetema, akaitazama. Mzazi mmoja ameandika, "Pole sana mwalimu wetu. Mungu akutie nguvu."

Akajibu, "Asante. Pole ya nini, mzazi?"

Akaona ujumbe ule umefutwa. Ukaingia wa pili, nao ukafutwa kabla hajaumaliza. Kisha wa tatu. Wazazi zaidi ya thelathini walikuwa wanalitazama swali lake. Ndipo akafungua ukurasa wa idara, akakutana na mumewe anacheka.

Wale wawili wenye sare walifika saa tano na dakika kumi. Walimkuta amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu, watoto wakiendelea kunakili ubaoni. Alikuwa amewaambia waandike ukurasa mzima.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao, mkuu alisoma pongezi kutoka wizarani: taarifa ilitoka mapema na ilizima uvumi. Watu walipiga makofi. Afisa habari alitazama meza.

Alikwenda kwa mwalimu siku watu walipopungua msibani.

"Ile taarifa aliiandika nani?" mwalimu aliuliza.

"Mimi, wifi."

"Nilijua. Uliandika vizuri." Alikunja kanga iliyokuwa mapajani, akaikunjua. "Sikulia, unajua? Niliogopa kuwatisha watoto wa watu. Nilisoma kifo cha mume wangu kama tangazo la kukatika maji."

Afisa habari aliomba radhi, na maneno yakamtoka mepesi kama makapi. Mwalimu aliiweka kanga kando. Alisema tu kwamba ana ombi moja. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa anaufungua ukurasa ule kila siku kusoma maoni. Wengine walimwombea baba yake, wengine waliandika kwamba alikuwa mlevi, ndiyo maana alianguka. "Iondoe, wifi."

Mkuu alikataa. "Ile ndiyo iliyosomwa kuliko zote tangu tuanze. Tukiitoa watauliza tunaficha nini."

Afisa habari aliiondoa mwenyewe, mchana, baada ya kukaa nayo machoni kwa muda mrefu. Na kweli waliuliza. Kufikia jioni picha za taarifa ile zilikuwa zimezagaa kila mahali, juu yake pameandikwa: wanaficha nini? Afisa habari alipewa barua ya karipio, akahamishiwa masjala kupokea na kupanga barua.

Mwalimu alimpigia wiki ile ile.

"Nimesikia wamekuhamisha."

"Ndiyo, wifi."

"Mtoto jana kanionyesha nyingine. Maneno yako yale yale, kwenye ukurasa wa mtu nisiyemjua. Njoo Jumapili. Umsimulie baba yake alivyokuwa kazini. Mimi nikianza sifiki mbali."

Akaenda. Binti alikaa mkabala naye, simu kifudifudi juu ya goti, akamsikiliza habari za Ijumaa na za utani wa mlangoni. Hakucheka. Alipomaliza, binti akauliza, "Siku ile ulipoandika, ulijua mama hajaambiwa?"

Mama mtu alikuwa jikoni. Bomba lililokuwa likichuruzika likafungwa.

"Nilijua huenda bado."

"Na ukaandika."

"Nikaandika."

Binti aliishika simu, hakuigeuza. Wala hakuondoka.