Ufa Juu ya Duka la Haji Shalabi

Jengo letu la Bakos, Iskandaria, lilikuwa na wenyewe wengi, na kitu cha wengi hakina mwenyewe. Kila mtu alikuwa na hati ya fleti yake. Ngazi, mabomba na nguzo vilikuwa vya umoja wa wenye nyumba, yaani vya Ustadhi Wagdi, mwenyekiti, mwalimu mstaafu, ambaye kutunza kwake kulikuwa kutia kufuli. Mimi nilipanga chumba cha paani. Sikuwa na kura.

Haji Shalabi, mwenye duka la viatu chini, alitaka kioo kipana cha kupanga mali. Akaichonga nguzo moja ya jengo ili kipate nafasi, akaipaka rangi. Ilipoingia baridi, ukuta wa sebule ya Bi Insaf, mjane anayekaa juu ya duka, ukapasuka.

Shemeji yake, injinia, akabandika viraka vya jasi juu ya ufa, akaviandika tarehe. "Jasi haina urafiki, shemeji. Ikikatika, jengo linatembea. Siku hiyo hiyo waite manispaa."

Wenye nyumba wakakutana ngazini.

"Nguzo nimeipunguza kidogo tu," alisema Haji, "kama mtu anayekata kucha."

"Kucha za nani, Haji?" akauliza Bi Insaf. "Mbona damu inatoka kwangu?"

Watu wakacheka. Ustadhi Wagdi hakucheka; alimgeukia Bi Insaf, akamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Karim, manispaa wakija hawaleti saruji. Wanaleta lakiri nyekundu, wanaifunga milango, wanatutoa sote. Utakwenda wapi? Marehemu kamaliza ujana wake Kuwait kwa ajili ya kuta hizi."

"Najua alikouacha ujana wake, Ustadhi. Mimi ndiye niliyelala peke yangu."

Baada ya kikao sahani za majirani zikaanza kumshukia Bi Insaf: majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, kunafa tamu ya shira, bata mzima. Kwetu pale sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo naye akawa anapika kutwa kuzirudisha. "Wananinenepesha kama kondoo wa Idi," aliniambia. Lakini alikula, na manispaa hakuwapigia simu.

Akaenda mji wa Tanta kumwona binti yake aliyejifungua. Ufunguo akamwachia mke wa Wagdi, kama siku zote. Aliporudi akaniita.

"Mzee wangu, wewe huna fleti ya kukupofusha. Nitazamie."

Viraka vilikuwa vizima, na tarehe zake. Nikamwambia alhamdulillahi, havijakatika.

"Tazama mwandiko. Shemeji yangu anaandika kama kuku anayeparua jaa."

Tarehe zilikuwa zimenyooka kama za ubaoni, kila tarakimu na mkia wake. Katika mtaa ule mzima ni mtu mmoja tu asiyeweza kuandika vibaya hata akitaka.

Tukapanda kwa Ustadhi. Hakukana. "Nilitaka ulale usingizi, Mama Karim."

"Vile vya kwanza vilikatika?"

Ustadhi akatazama ndara zake. "Vyote."

Asubuhi Bi Insaf akawapigia manispaa. Wakaja, wakapima, wakatutoa. Magodoro yalishuka ngazi zile kwa ukimya wa mazishi. Hakuna aliyemtukana. Mke wa Wagdi alimwomba sahani yake, akaondoka nayo tupu.

Huu ni mwaka wa tatu. Jengo limefungwa, na limesimama wima. Haji amefungua duka ng'ambo ya barabara, na kila mteja anaonyeshwa: lile pale, mwanamke mmoja katutoa kwa ajili ya vumbi la jasi. Wengine wanakaa kwa ndugu. Ustadhi alifia kwa mkwewe, na Bi Insaf alizuiwa mlangoni matangani.

Sasa analala ukumbini kwa binti yake, Tanta. Kila dhoruba ya baharini ikipita, ananipigia mimi niliyepanga jirani na jengo. Juzi ilipiga mvua ya mawe, vibao vya maduka viking'oka, na kulipokucha simu ikalia.

"Vipi, mzee wangu?"

"Limesimama, Bi Insaf. Hata dirisha halikuvunjika."



"Mungu anisamehe," akasema. "Nilikuwa nimetumaini limeanguka."