Subiri Upoe Kwanza

Mtoto wangu alipotimiza miezi mitatu na nusu, nilirudi kwenye yoga ya chumba cha joto. Sikurudi kwa anasa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na mgongo wangu ulikuwa umekakamaa kwa kuinamia mashine na kuinamia mtoto kwa zamu. Kabla ya ujauzito nilikuwa nimehudhuria chumba kile kwa miaka miwili. Daktari aliniruhusu kurudi, mradi ninywe maji ya kutosha na nitoke mara nihisipo kizunguzungu. Masharti hayo niliyashika.

Chumba kipo ghorofani, juu ya duka la miwani. Hita tatu zimefungwa ukutani, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito, na mlango hufungwa ili joto lisitoroke. Siku ya kwanza, nilipoinama mpaka vidole vikagusa sakafu, maziwa yalianza kuchuruzika yenyewe. Niliona haya. Kisha nikatazama kulia na kushoto, nikaona kwamba sote tumelowa chapachapa, mwalimu akiwemo, na hakuna ambaye angeweza kutofautisha jasho na maziwa. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyepungukiwa na akili. Hata hivyo sikutulia. Mwalimu alituambia tufuate pumzi zetu. Mimi nilifuata mshale wa saa.

Nyumbani aliningoja mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kulea. Niliingia mbio, begi likiwa bado begani, nikanyoosha mikono nimpokee mtoto. Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja.

"Usimguse. Maziwa yamechemka hayo. Subiri upoe kwanza."

Akanibandika kiganja kifuani, akakiondoa haraka kama aliyegusa pasi. Nikaketi kwenye kigoda karibu na dirisha. Mtoto alilia, nami nikasimama, akanyamaza, nikaketi, akalia tena. Mama mkwe akamnyamazisha kwa vijiko vya maji yenye sukari kidogo. Saa nzima ilipita ndipo nikakabidhiwa mwanangu, ambaye alinyonya kidogo tu, akalala.

Mwanzoni sheria hiyo ilihusu yoga. Baada ya juma moja ilihusu kila joto. Nikitoka sokoni juani, nipoe. Nikimaliza kupiga pasi sare, kazi ninayoifanya karibu kila siku, nipoe. Nikipika, nipoe. Mume wangu nilipomweleza, alijibu kwamba mama yake amelea watoto wanne na kwamba nisianzishe vita nyumbani. Nami, kusema kweli, sikuwa na hakika. Mikono ya mama mkwe ilimwogesha mtoto kwa ustadi kuliko yangu. Itakuwaje kama anasema kweli, nami namdhuru mwanangu kwa ukaidi?

Nilijaribu ujanja. Jumamosi moja baada ya yoga nililowesha taulo kwa maji baridi, nikalibana kifuani njia nzima, nikafika meno yakigongana. Mama mkwe alinipima, akatikisa kichwa.

"Hili ni joto lililojificha," alisema. "Ndilo baya kabisa."

Kufikia mwezi wa tano, nilikuwa nikiamka nikiyabonyeza matiti yangu kuona kama yamejaa. Hayakujaa kama zamani. Kwenye mashine nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, nikafumua, nikashona vilevile tena. Mama mkwe aliliona hilo akasema kwamba chumba cha joto kinanikausha, na kwamba ni lazima nichague: yoga au mtoto. Aliposema hivyo nilikuwa karibu kukubali.

Siku ya kliniki tulikwenda pamoja. Muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akaandika kwenye kadi. Niliinama nikaisoma mwenyewe ile kadi. Mstari uliokuwa ukipanda tangu kuzaliwa ulikuwa umelala.

"Mwezi mzima hajaongeza hata gramu mia," muuguzi alisema. "Hebu nielezeni, siku yake inakwendaje?"

Mama mkwe alinitangulia. Alimweleza habari za chumba, hita na jasho, kwa heshima na kwa kirefu, kama shahidi aliyejiandaa. Muuguzi alinigeukia. Nilijua kwamba nikinyamaza, yoga itaisha, lakini mstari ule hautapanda; na nikisema, nitakuwa nimemwaibisha mama wa mume wangu mbele ya mtu wa nje. Nilimhamisha mtoto bega hili hadi lile. Kisha nikasema.

"Kila nikipata joto nasubiri saa moja ndipo nimnyonyeshe. Mara tatu, mara nne kwa siku. Wakati huo anapewa maji ya sukari."

"Nani alikwambia usubiri?"

Nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Ni mimi," mama mkwe alisema.

Muuguzi hakumkaripia. Alieleza kwamba mwili si sufuria, haupiki maziwa. Kwamba maziwa huja kadiri mtoto anavyonyonya. Kwamba tumbo likijaa maji, mtoto hanyonyi, na titi likiachwa hupunguza kazi. Maji ya sukari yakome leo. Mama anywe maji yeye, amnyonyeshe mtoto kila anapotaka, na turudi baada ya juma moja kupima tena.

Mama mkwe alisikiliza huku akiukunja na kuukunjua ukingo wa khanga yake. Mwishowe akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Kwa hiyo hayakuwa maziwa yangu?"

Ndipo tulipojua. Kabla ya wale wanne alikuwa na mtoto mwingine. Wakati huo alikuwa akifanya kazi kwa dobi, akipiga pasi za makaa kutwa. Mtoto aliharisha siku mbili, akafariki, na wanawake wa ukoo wakamwambia kwamba amemnyonyesha moto. Hakuwa amewahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Muuguzi alivuta kiti akaketi karibu naye. "Bibi, sikuwepo, siwezi kukuambia kilichomuua," alisema. "Ila maziwa yako hayakuchemka."

Mama mkwe alisimama, akatoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona akienda hadi mwisho wa ukumbi, akigeuka, akirudi, akigeuka tena. Mtoto alianza kulia. Nilimnyonyesha palepale.

Tuliporudi kliniki baada ya juma moja, mizani ilionyesha gramu mia na hamsini zaidi. Jumamosi iliyofuata, mama mkwe aliniuliza yoga inaisha saa ngapi, akasema mengine hayamhusu.

Nilipotoka chumbani, jasho likinitiririka hadi visiginoni, nilimkuta kwenye ngazi na mtoto mgongoni. Alimfungua, akanipa. Niliketi kwenye kidato nikamnyonyesha, na wenzangu wakapita pembeni yetu na mikeka yao. Nilimwomba mama mkwe aketi. Alikataa. Alisimama kidato kimoja chini yangu, macho yameganda kwenye koo la mtoto.

"Anameza?"

"Anameza, mama."

Alishuka vidato viwili, akapanda tena.

"Bado anameza?"

"Bado."