Tai Yenye Doa la Wino

Asubuhi ile Fundi alipekua kabati lote akitafuta tai yake, na tai haikuwepo. Si kwamba alikuwa mtu wa tai. Kwa anayetengeneza printa, tai ni kitu cha kumezwa na mashine ukiinama vibaya. Alikuwa nayo hiyo moja tu, ya buluu, yenye doa dogo la wino kwenye ncha. Mkewe alikuwa amelisugua doa lile kwa kila sabuni iliyopata kuingia nyumbani, likagoma.

"Mama watoto, tai yangu iko wapi?"

"Nimemwazima mtu," mkewe akajibu kutoka jikoni.

"Mtu gani anaazima tai?"

"Mtu asiye na tai. Na wewe leo tai ya nini? Unakwenda kuoa?"

"Nikioa nitakwambia ushone sare."

"Sare nitashona. Ya kumzika bwana harusi."

Fundi akacheka, akavaa shati lililopigwa pasi, akabeba mkoba wake wa vifaa uliokuwa mzito kama mtoto aliyelala. Mkewe hakuuliza zaidi, naye hakueleza. Siku hiyo alikuwa anakwenda kupigania asimpoteze mteja wake mkubwa wa mwisho.

Kazi hii hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua mashine moja mbovu iliyotupwa, akipanga skrubu zake kwenye vifuniko vya chupa ili ajue ipi ilitoka wapi, akiifunga na kuifungua tena hadi siku ilipokohoa na kutoa karatasi. Kwa miaka mingi ofisi za mji zilimhitaji. Kila moja ilikuwa na printa yake, kila printa ilikuwa na ugonjwa wake, na yeye alikuwa na sindano ya kujazia wino na subira ya kusubiri.

Kisha mambo yakaanza kubadilika, taratibu, kama nywele zinavyoingia mvi. Zilikuja katriji za wino zenye chipu ndogo inayojua kwamba wino umejazwa mtaani, nayo ikijua inanuna, haichapi hata nukta. Zikaja printa zenye matangi, ambazo karani anajaza mwenyewe kwa chupa kama anayemimina mafuta ya kupikia. Risiti zikahamia kwenye simu. Na sasa kulikuwa na kampuni zisizouza printa kabisa: wanaileta, wanaiweka, unalipia kila karatasi unayochapa, na wino ukikaribia kwisha mashine yenyewe inapeleka habari makao makuu kwa mtandao. Fundi hakuzichukia. Siku moja alisimama mbele ya moja kwenye ofisi ya bima, akaizunguka, akasema tu, "Hawa wamefikiri." Lakini ofisi ya bima haikumwita tena. Wala zahanati. Ilibaki shule ya udereva, na ikiondoka hiyo, angefunga karakana yake na kwenda kuanza upya katika umri ambao wenzake walikuwa wanafikiria kupumzika.

Mwenye shule ya udereva, ambaye mji mzima ulimwita Mama Gia, alikuwa amempigia simu mwenyewe. "Fundi, kesho njoo asubuhi. Kuna kijana wa kampuni ya kukodisha mashine, naye anakuja. Nataka niwaweke njia moja nione nani anampisha mwenzake."

Chumba cha ofisi kilikuwa na alama za barabarani kila ukuta. Mezani palikuwa na injini ndogo iliyokatwa katikati ili wanafunzi waone matumbo yake, na kando yake ubao wa mbao uliochorwa makutano, wenye vigari vya kuchezea. Pembeni, chini ya kitambaa, ilikaa printa kubwa ya zamani ambayo Fundi aliijua kuliko alivyowajua majirani zake. Karani wa shule alikuwa mezani kwake. Na kwenye benchi la wageni, akiwa na mkoba wa ngozi magotini, aliketi kijana wa kampuni.

Fundi akasimama mlangoni. Kijana huyo alikuwa mkwewe, mume wa binti yake mkubwa.

Na shingoni alivaa tai ya buluu.

Kijana aliinuka haraka, mkono wake ukanyoka kwenda kuupokea mkoba wa vifaa, kisha ukasita hewani, ukarudi. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Sasa Fundi alielewa mengi kwa pamoja. Binti yake alikuwa amesema mumewe amepata kazi, "mambo ya mashine," bado yuko kwenye majaribio, na asipoleta mkataba kabla ya mwisho wa mwezi hawatamthibitisha. Fundi alipouliza mashine gani, binti aligeuza maneno akaanza kusifia hali ya hewa. Na mkwewe, ambaye kila akija kuwatembelea aliuliza habari za karakana, alikuwa ameacha kuuliza. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alikuwa anaona haya.

Fundi alitaka kusema pale pale kwamba huyu ni mwanangu. Lakini Mama Gia aliingia akiwa na funguo mkononi, akifoka na mtu nje. "Mwambie binamu yangu nimesema hapana. Hapa undugu unaishia getini. Akitaka kufundisha, afaulu mtihani kama wengine." Akageuka, akaketi. "Haya. Mmeshasalimiana? Vizuri."

Mkwe akamtazama Fundi. Fundi akaitazama injini iliyokatwa.

"Mimi gari nanunua hivi," Mama Gia akaanza. "Simuulizi muuzaji uzuri wa gari lake, maana uzuri atausema hata nikiziba masikio. Namuuliza ubaya wa gari la jirani yake. Kijana, anza wewe. Niambie ubaya wa mashine ya Fundi, na wa Fundi mwenyewe kama anao."

Kijana akakohoa. Akaishika ncha ya tai akaificha ndani ya koti. "Mashine hii imetunzwa," akasema.

"Sijakuuliza hilo."

"Ni kweli, lakini imetunzwa. Za umri huu nyingi zimeshakuwa vyuma chakavu. Aliyeishika ana mkono mzuri."

Karani akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Mama Gia akakunja uso. "Umetumwa kuuza au kuombea? Fundi, wewe sema. Ubaya wa mashine za kukodi."

Fundi alikuwa na ubaya wa kutosha. Usiku uliopita alikuwa ameupanga kichwani kama skrubu kwenye vifuniko. Lakini alipofungua mdomo aliona mikono ya yule kijana ikikandamiza mkoba wa ngozi, akamkumbuka binti yake, na maneno yakakataa kutoka.

"Zinachapa vizuri," akasema. "Herufi zake ni safi. Hazina kelele."

"Fundi."

"Na mtu akipanga vizuri, hazisumbui."

Mama Gia akaegemea kiti, akawatazama mmoja baada ya mwingine kama anayetazama wanafunzi wawili wanaoachiana njia langoni hadi foleni inafunga barabara nzima. "Nimeendesha magari tangu nina meno ya utotoni," akasema, "sijawahi kuona hili. Pita wewe, hapana pita wewe. Kuna nini hapa? Au mnaikimbia kazi yangu?"

"Hapana, Mama," wakajibu pamoja.

"Basi nani aniambie ubaya?"

Karani alikuwa ameacha kabisa kujifanya anafanya kazi. Hatimaye Fundi akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Mama, ubaya wa kwake siwezi kuusema. Naweza kusema wa kwangu."

"Wa kwako?"

"Rola za mashine hii, zile zinazovuta karatasi, hazitengenezwi tena. Natoa kwenye mashine zilizokufa, na hizo nazo zinakwisha. Ule mstari mweusi unaotokea kwenye vyeti, siyo vumbi kama nilivyokwambia. Ni ngoma imechakaa, ile silinda inayobandika wino kwenye karatasi. Nilitaraji ningepata nyingine, sijapata."

Mama Gia akamgeukia karani. "Ndiyo maana vyeti vinatoka kama vimepigwa wanja?"

"Wahitimu wengine wanadhani ni urembo," karani akasema.

Kijana akalegeza kola ya shati. Kama baba mkwe ametembea njia hiyo, yeye angebakije nyuma? "Na mimi niseme wa kwetu, Mama. Mtandao ukikatika siku kadhaa, mashine yetu inafunga, hata kama wino umejaa. Inakubali wino wetu tu. Na kwenye mkataba kuna idadi ya karatasi za kila mwezi, usipozifikisha unazilipia hivyo hivyo."

"Nalipia karatasi ambayo sikuchapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Hilo bosi wako amekutuma uniambie?"

"Hapana. Bosi wangu amenituma niseme mashine inajitunza yenyewe." "Haijitunzi. Karatasi ikikwama inaandika barua makao makuu, na fundi wetu anatoka mji mwingine. Kesho yake, akipata usafiri."

"Na mtihani wangu unasubiri kesho yake?"

Kijana akainamia mkoba wake. Fundi akaona aibu ile ikimpanda mkwewe usoni, akaongeza haraka ili waigawane. "Na ukweli mwingine, Mama, huchapi kama zamani. Risiti zako ziko kwenye simu. Mashine kubwa kama hii huihitaji tena, ya kwangu wala ya kwake."

"Tuna ndogo," kijana akasema. "Idadi yake ya karatasi ni ya chini. Sikuileta kwenye maelezo kwa sababu..." akasita, "...kwa sababu kubwa ndiyo inayonipa faida zaidi."

Mama Gia akazungusha kigari kimoja kwenye makutano ya ubao. Kisha akainuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya kijana. Akachomoa ncha ya tai kutoka ndani ya koti kwa vidole viwili.

"Hii tai naijua."

Fundi akainuka nusu kitini.

"Mahafali ya madereva, mwaka jana. Fundi alikaa safu ya mbele na tai hii, na doa hili hili. Nilijiuliza moyoni, huyu mtu amechovya tai kwenye chai?" Akamwachia. "Wewe ni nani wa Fundi?"

"Ni mkwe wangu," Fundi akasema. "Ameniolea binti. Tai aliazimwa na mke wangu, bila mimi kujua, na yeye bila kujua kwamba leo atakutana nami. Mama, tulipaswa kukwambia tangu mwanzo. Ulisema undugu unaishia getini, tukaogopa."

Karani akaziba mdomo kwa faili, mabega yakimtikisika. Mama Gia akarudi kitini taratibu. Fundi akaanza kuuinua mkoba wake, maana aliona mwisho wa safari, wake na wa mkwewe, kwa pigo moja.

"Weka chini huo mkoba," Mama Gia akasema. "Nafikiri." Akafikiri. "Ndugu wakikaa pamoja kumdanganya mteja, wanasifia mali zao. Nyie mmekaa hapa mkaziponda mali zenu wenyewe, kila mtu ya kwake, kwa kuheshimiana tu. Wauzaji watatu wamepita hapa mwezi huu, hakuna aliyeniambia hata robo ya haya." Akamnyooshea kijana kidole. "Nachukua ile ndogo. Lakini kwenye mkataba iandikwe: ikikwama, anakuja Fundi huyu hapa, si mtu wa kusubiri usafiri. Bosi wako akikataa, na mimi nakataa. Mpigie."

Kijana akapiga simu pale pale, amesimama wima kama mwanafunzi kwenye mtihani wa kurudi nyuma. Walisikia sauti ya bosi ikinguruma kwenye simu, kisha ikilegea. Wateja wengine wa mji huu walikuwa wanalalamika kwa sababu hiyo hiyo, ya fundi kuchelewa. Mwishoni bosi akauliza kama huyo mzee anaweza kuwaona na wao.

"Anauliza kama unaweza, Baba."

"Nitaangalia nafasi," Fundi akasema, na karani akashindwa kabisa kujizuia kucheka.

Kabla ya kuondoka, Fundi akaifunua mashine ya zamani, akaipangusa, akaifunika tena. Ingeendelea kuchapa makaratasi ya mazoezi hadi rola yake ya mwisho. Hatima ya sindano yake ya wino hakuwa na uhakika nayo. Mashine mpya zisingemruhusu kuitumia, na moyo ulimuuma kidogo kwa hilo, kama mtu anayehama nyumba nzuri kwenda nyingine nzuri.

Wakatoka uani, wakawapita wanafunzi waliokuwa wakibishana juu ya nani amegonga koni. Walipovuka geti tu, kijana akageuka, akauchukua mkoba wa vifaa begani kwa Fundi bila kuomba ruhusa, akaupachika begani mwake. Ukamvuta upande, akayumba.

"Baba, umebeba nini humu?"

"Kazi yako mpya. Zoea."

Wakatembea kidogo. Kijana akaanza kuilegeza tai shingoni ili airudishe.

"Iache," Fundi akamwambia. "Majaribio yako hayajaisha. Ila leo jioni mje kula, wewe na mwenzako, na uje umeivaa. Nataka nimtazame mama yenu usoni wakati unaingia mlangoni."