Kitovu cha Noela

Jumatatu ile mzee Albano aliandika kwa chaki kwenye ubao wake wa nje, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifundisha mwenyewe: PWEZA ANA MIOYO MITATU. Tangu astaafu ulinzi wa kiwanda cha magodoro, kila asubuhi mtaa wao wa Kiwalani ulipata ajabu moja ya bure, na zote alizitoa kwenye magazeti ya zamani ambayo jirani yake Nusaiba alifungia vitumbua. Kitumbua alikila, mafuta akayafuta kwa kiganja, habari akaisoma.

"Mitatu ya kazi gani?" Nusaiba aliuliza huku akigeuza vitumbua. "Sie huu mmoja tu unatutoa roho."

"Muulize mke wangu. Alipokuwa na mimba ya binti yetu Noela, na yeye alikuwa na mioyo mitatu."

Tekla, mkewe, alikuwa anachagua mchele mlangoni. Hakubisha. Mwaka themanini na sita, mkunga Bi Raudha alimwekea sikio tumboni katika nyumba hiihii, akahesabu: wa mama, wa mtoto, na mmoja tena. Pacha hakuwepo. Bi Raudha akasema huo wa tatu mwenyewe atajitokeza, wasimharakishe. Noela alipozaliwa na kitovu kikadondoka, mkunga akakizika chini ya kizingiti cha mlango wa mbele, kama ilivyokuwa desturi, akashindilia udongo kwa kisigino.

Albano alipomaliza kusimulia hayo, kizingiti kikaanza kudunda. Tekla akasogeza ungo kidogo, mchele usimwagike.

"Kumbe ndiye huyu," alisema.

Ukuta wao ulikuwa na alama ya X nyekundu tangu wiki ya nyuma. Barabara ilikuwa inakuja. Nyumba zilizokuwepo kabla ya mwaka elfu mbili na tano barabara ingezikwepa; zilizojengwa baadaye zingevunjwa. Ofisi ikasema mtaa mzima umejengwa baadaye, na anayebisha alete karatasi. Karatasi za Albano zilikuwa kabatini, na kabati liliondoka na mafuriko. Wapo walioliona likivuka kwenda Kigamboni bila kulipa nauli ya kivuko.

Jumatano akaja afisa vipimo, kijana anayeitwa Fredrick, na faili kwapani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuisalimia nyumba au kuiaga?"

Fredrick alicheka kwa adabu, kisha akasikiliza chini. "Babu, mna pampu humu? Maana kuvuta maji bila kibali ni kosa lingine."

"Siyo pampu. Ni Noela, binti yetu. Anashona mapazia Mikocheni. Hiki ni kitovu chake."

Fredrick akachuchumaa, akaweka kiganja, akatazama saa ya simu. Sabini na mbili kwa dakika. Akaandika. Ghafla mapigo yakaenda mbio.

"Anapanda ngazi," Tekla alisema.

Wakampigia, simu ikawekwa sauti kubwa. "Mama, subiri," Noela alihema. "Niko ngazini. Lifti imekufa tena."

Fredrick aliuliza mwaka wa kuzaliwa, akajibiwa, akahesabu kwa vidole. Hesabu haikuwa na mgogoro: mtoto wa themanini na sita hawezi kuzikiwa kitovu kwenye mlango ambao haujajengwa. Akaifungua fomu yake, akaisoma mbele na nyuma.

"Nimeamini, babu. Ila fomu inataka hati, risiti ya umeme au barua ya serikali ya mtaa. Vitovu havina sehemu yake."

"Chora sehemu. Kalamu si unayo?"

"Fomu siyo yangu."

"Na nyumba siyo yako. Mbona kwenye nyumba mlichora?"

Fredrick alikunja faili akaondoka taratibu, akiruka kizingiti asikikanyage.

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unadunda. Kila aliyekumbuka mtoto wake alizikiwa wapi kitovu, mlango wake uliitikia. Nusaiba, mwenye wanne, kibaraza chake kiligonga kama muziki wa singeli, na wateja walikula vitumbua wakitikisa mabega. Walihesabu milango thelathini na moja, wakaandika majina na miaka, wakatia sahihi, asiyejua kuandika akatia dole gumba, Albano akaipeleka orodha ofisini mwenyewe.

Jibu lilikuja lina muhuri. Ofisi ilikiri kupokea mapigo. Ilikiri kwamba ni ya kweli na kwamba mengine ni ya zamani sana. Kwa hiyo iliwaagiza wakazi kufukua vitovu vyao kwa gharama zao kabla ya tarehe ya kuvunja, ambayo haikubadilika.

"Sifukui," Albano alisema. Akaichana barua vipande vya kutosha vitumbua kumi, akampa Nusaiba.

Tarehe ilipofika, greda likavunja. Lilianza jikoni, likaja sebuleni, likamaliza kuta zote. Kizingiti tu kilikataa kutoka, na vya jirani vikakataa vilevile. Dereva alijaribu mara tatu, akazima injini akaenda kunywa chai. Mwishowe wakamwaga lami juu ya vyote. Lami ikatuna mahali thelathini na moja, ikawa inapanda na kushuka. Wahandisi wakaipima, wakapaka mistari myeupe, wakasimika kibao: MATUTA MBELE. Kwenye ramani ndivyo yalivyoandikwa.

Albano na Tekla walipanga chumba Temeke. Ila kila alasiri walikuja na mkeka, wakavua ndala, wakatandika nyuma ya tuta lao, pale ilipokuwa sebule. Magari yalipunguza mwendo, yakawazunguka.

Siku moja askari wa barabarani akawajia na filimbi mdomoni.

"Mzee, ondoka. Hapa ni barabarani."

"Hapa ni ndani," Albano alisema. "Na wewe umesimama mlangoni. Piga hodi kwanza."

Askari akatazama kushoto, akatazama kulia. Chini ya buti zake Noela alikuwa anadunda polepole, labda amekaa. Akatoa filimbi.

"Hodi."

"Karibu, baba," Tekla alijibu.

Askari akavua buti, akaingia, akawaandikia amri ya kuondoka.

"Iache hapo mezani," Albano alisema, akimwonyesha lami.