Mkono wa Anselmo

Jumamosi saa nne asubuhi, Kailemia wa Mikinduri alikuwa amekaa nje ya jiko akichagua kwenye simu mrushaji wa kumwekea dau. Besiboli alikuwa ameisoma akaiva. Alijua kila mrushaji hufanya nini ugenini, kwenye joto, na mbele ya wapigaji wa mkono wa kushoto. Kwa nini mpigaji akishapiga mpira huanza kukimbia, hilo hakulijua, na halikumnyima usingizi.

Siku hiyo alikuwa amemchagua Anselmo, ambaye takwimu zake zilikuwa safi kuliko za mrushaji mwingine yeyote. Pesa za dau zingetoka kwa Mwirigi, mnunuzi wa miraa, aliyekuwa aje saa sita kukodi miti yote ambayo Kailemia aliachiwa na babake. Miti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yao, Kagwiria, katika shule ya bweni ya Kaaga.

Mara Anselmo mwenyewe aliingia langoni akiwa na sare yake na viatu vya njumu, akasalimu kwa Kimeru cha Tigania. Nkirote, mkewe Kailemia, alimpa kiti na chai, kwa kuwa mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajameza kitu. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimevimba kama boga dogo.

"Mzee, usiniwekee pesa leo," alisema alipomaliza chai. "Hii mkono imeisha. Coach hajui, nimemficha."

Kailemia alimtazama, kisha akatazama simu.

"Hapa inasema uko fiti."

"Lakini mwenye mkono ni mimi."

"Mechi zako za mwisho umeshinda zote," Kailemia alimwambia kwa upole. "Wacha kujidharau, kijana."

Nkirote alikuwa akimkanda mgeni kiwiko kwa mafuta moto. "Baba Kagwiria, miraa hununui bila kuonja. Huu mkono umeletewa mpaka jikoni. Guza basi."

Kailemia hakuugusa. Alisema hisia ndizo huangusha wacheza kamari, na yeye hachezi kamari, anafanya utafiti.

Mwirigi alifika saa sita. Hakuuliza takwimu za mti wowote. Alizunguka akivunja kijiti hapa na pale, akatafuna, akatema, akatafuna tena, na ndipo akalipa; Kailemia akaziweka zote dau. Anselmo aliaga, asije akachelewa mechi.

Alitolewa uwanjani kabla mechi haijachangamka, mkono ukining'inia. Kailemia alisema hiyo ilikuwa mechi moja tu mbaya, haibadilishi wastani.

Shule zilipofunguliwa, Kagwiria hakurudi Kaaga. Yeye na mamake hukata majani ya migomba na kumuuzia Mwirigi, ya kufungia miraa ya miti iliyokuwa yao. Inauma, na Nkirote husema hivyo waziwazi. Anselmo naye alirudi baada ya timu kumwacha, akaomba kazi ya kuchuma. Mwirigi alimbonyeza kiwiko kwanza, kisha akampa matawi ya chini.

Jumamosi iliyopita mpigaji mmoja aliingia langoni akichechemea, goti limefungwa bendeji. Nkirote aliongeza maji kwenye sufuria ya chai. Kailemia aliikinga simu na jua kwa kiganja, akasoma takwimu zake hadi mwisho.

"Huyu hajawahi kuumia," alisema, kisha akampigia Mwirigi kumuuliza kama hukodi na migomba.