Lori Lisilozimwa

Lori la mume wangu Rwegasira lilikuwa la jeshi, kuukuu, rangi ya majani makavu. Kijiji chetu cha ujamaa, kule mbele ya Misungwi, kililipata baada ya jeshi lenyewe kulichoka. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Stata ilikufa mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha, na vipuri havikuonekana Mwanza nzima. Kwa hiyo liliwashwa kwa kuachiwa kwenye mteremko, au kwa kusukumwa. Tukienda kutembelea watu hatukulala kwa aliyetualika, tulilala kwa mwenye kilima.

Vichujio vya dizeli vilioshwa kwenye beseni langu la kufulia. Ndara yangu ya kushoto niliitafuta wiki nzima, nikaja kuikuta chini ya boneti, imefungwa kwa waya ili bomba lisigonge.

"Ilikuwa imechakaa," alisema Rwegasira.

"Ya kulia je?"

"Hiyo naitunza. Nayo itapata kazi."

Siku padri alipoleta habari kwamba mama yangu ni mgonjwa sana Kamachumu na ananiita, meli ya Bukoba ilikuwa inaondoka Mwanza jioni ileile. Nyingine ilikuwa keshokutwa. Rwegasira aliniomba nisihangaike.

"Tutafika mapema, Mama Josepha. Mradi tusizime."

"Basi usizime."

"Nizime kwa nini? Nina wazimu?"

Tulikwenda vizuri. Redieta ilichemka, tukaijaza maji huku injini inanguruma. Nilikuwa nimeanza kuhesabu kwamba nitapata hata nafasi ya kununua sukari ya mama. Kisha, karibu na Usagara, kwenye tambarare ya majaruba ya mpunga, wanaume walitokea wamebeba jeneza, wanavuka barabara. Rwegasira alisimama. Akavua kofia. Mkono wake ukavuta kitufe cha kuzimia, injini ikazimika.

Ukimya ule nausikia mpaka leo. Ndege wa mpunga walikuwa wanapiga kelele kama kawaida.

"Baba Josepha, umefanya nini?"

Alitazama mbele, akatazama nyuma. Hapakuwa na mteremko wa kuviringisha hata chungwa.

"Kwetu maiti haipitiwi na ngurumo," alisema taratibu. "Baba alikuwa anatupiga kwa hilo."

"Hata mimi kwetu ni huko huko. Kusimama kungetosha."

"Mkono umekwenda wenyewe."

Tuliwafuata mpaka kwenye mji wa marehemu, chini ya mawe makubwa. Msemaji wa msiba alikuwa mzee mmoja mrefu, Luhaga. Rwegasira alimwamkia, akampa pole, akaeleza shida yetu na meli.

"Tutasukuma, ndugu dereva," alisema mzee Luhaga. "Lakini hawa hawawezi kumwacha huyu juu ya ardhi wakaenda kusukuma chuma. Azikwe kwanza. Na kaburi limegonga mwamba."

Basi Rwegasira alichukua mtaimbo garini, akavua shati, akaingia kaburini kuvunja mwamba wa mtu asiyemjua. Mimi nilikaribishwa kwenye mkeka wa wanawake. Niliangalia kivuli cha jiwe kikiusogelea mguu wangu. Mama mmoja, Paskazia, aliniuliza nilimfahamuje marehemu. Nikasema simfahamu, mimi ni mwalimu tu niliyekuwa napita.

"Lia hata kidogo, mwalimu. Umeshakaa."

Nililia sana. Ilikuwa hasira tupu, lakini walinishika mabega na kuniambia kwamba nina moyo.

Walipomaliza kuzika walikuja wote, miguu imejaa udongo, wakajipanga nyuma ya lori.

"Hili nalo lilipigana vita?" mmoja aliuliza.

"Lilipigana," Rwegasira alijibu kutoka kwenye usukani.

"Upande gani?"

Wakacheka, hata mzee Luhaga. Mimi sikucheka. Walisukuma mpaka jasho likawalowesha, injini ikakohoa, ikashika. Rwegasira aliwapungia kofia mpaka hawakuonekana tena.

Tulipofika Igogo, Mwanza, meli ilikuwa imeshaacha gati. Niliiona ziwani, inakwenda bila haraka. Tulilala pale pale kwa binamu yangu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa penye mteremko.

Nilipofika Kamachumu, kwa meli iliyofuata, mama alikuwa hai, lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Dada yangu Celestina alinipokea mlangoni na kuniambia, "Jana alikuwa anakuita kwa jina." Mama alinishika mkono mpaka alfajiri, akafa. Alitaka kuniambia nini, hakuna aliyejua.

Niliporudi nilimweleza Rwegasira hivyo hivyo, bila kuongeza. Alikwenda kukaa chini ya lile lori, na sikumsikia akigonga chochote.

Yeye alifariki miaka michache baadaye, kwa ugonjwa wa ini. Kijiji kilitoa lori limrudishe kwao. Masalu, aliyerithi usukani, alilipitisha kivuko cha Busisi, Geita, Biharamulo, na kila mahali watu walisukuma. Stata ilikuwa bado imekufa. Nilikaa mbele, nimeishika ile kamba ya mlango, nikiomba tufike tu.

Tulipoingia kwenye kibanja, shamba la nyumbani kwa baba wa Rwegasira, wanaume walikuja kupokea jeneza. Masalu alivua kofia, akavuta kitufe.

Nilitazama huku na huku. Migomba, na ardhi iliyolala kama meza.

"Masalu," nilimwambia, "hapa hakuna mteremko."

"Naona, mama."

"Sasa?"

"Nilifundishwa hivyo na yeye."

Tulimzika. Kisha watu wa msiba wakalizunguka lori, nami nikajifunga kanga kiunoni nikaenda nyuma, nikaweka mikono pale ambapo rangi imekwisha kwa kusukumwa. Likagoma. Tukarudia, likagoma tena. Nililitukana kwa sauti, na Celestina akageuka kunitazama.

"Kulitukana niachieni mimi," niliwaambia. "Sukumeni."