Dawa ya Kuonyesha Watu

Mtu wa kwanza kujua kwamba Kaluki amekonda alikuwa Kaluki mwenyewe. Alikuwa fundi wa nguo mjini Makindu, na kazi yake ilikuwa kuzungusha futi viunoni mwa watu. Asubuhi moja ya Machi, mwaka wa tisini na saba, alijipima ili ajikatie sare ya kina mama wa kanisa, akakuta inchi nne zimepotea. Akapima tena. Zilikuwa nne vilevile. Akaikunja futi, akaketi.

Mumewe, Kivuva, alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, na alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Kwao kijijini Kanyangi walisema ni ugonjwa wa kifua tu. Baada ya mazishi Kaluki alikwenda hospitali ya mbali, asikojulikana, akapimwa damu, akaambiwa ana virusi vya ukimwi. Hakumwambia mtu isipokuwa Nzilani, nesi wa dispensari. Na watu hawakumuuliza, maana alikuwa mnene. Mjane mwenye mashavu yale na mikono ile, nani angemshuku? Siku hizo mtu akikonda tu, soko zima lilikuwa limeshamtajia ugonjwa na kumchimbia kaburi.

"Ukiona unapungua na hukutaka, ama ukohoe wiki mbili, usingoje," Nzilani alikuwa amemwambia. "Njoo siku hiyo hiyo."

Kaluki hakwenda. Kwenye benchi la dispensari angeonwa na nusu ya mji. Badala yake alipokwenda Nairobi kununua nyuzi na zipu, alimkuta mchuuzi wa River Road akiuza vidonge vya kupunguza mwili. Chupa ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Haikuwa na maandishi ya maana. Akainunua, si ya kumeza. Aliiweka mezani karibu na cherehani, mahali mteja asipoweza kuikosa.

"Mama Mutunga, umepungua!" wateja waliposema, wakimwita kwa jina la mwanawe, aliinua chupa.

"Nilichoka kubeba mzigo. Magoti yananiuma. Hii ndiyo dawa."

Wateja walicheka, wakataka kuishika. Wiki mbili tatu mambo yakamwendea vizuri kuliko alivyotumaini, ingawa kikohozi kilikuwa kimeanza.

Jirani yake, Muthoki, alikuwa na hoteli ndogo ya chai na chapati. Waliimba pamoja kanisani, walizikiana, walikopeshana chumvi. Muthoki alikuwa mkubwa wa mwili na alikuwa na presha, na kila akienda kliniki aliambiwa apunguze kilo. Aliitazama ile chupa kama mtu anavyotazama nyama ya jirani.

"Nipatie na mimi."

"Si za kila mtu."

"Kwani wewe ni nani? Ama hata humezi, unatuchezea tu?"

Alisema kwa mzaha, lakini Kaluki alishtuka. Akafungua chupa, akameza kidonge mbele yake kwa chai. Baada ya hapo Muthoki alikuja kila asubuhi na kikombe, na kila asubuhi Kaluki alimeza. Moyo ukaanza kumwenda mbio akiwa ameketi. Hamu ya chakula ikakatika, naye alikuwa na haja ya chakula kuliko wakati wowote. Usingizi ukamtoroka. Alipochoka kukataa, alimfungia Muthoki vidonge ishirini katika kipande cha gazeti.

Siku ya kumi Muthoki alianguka mbele ya jiko lake, chapati mkononi.

Mumewe, Nzuki, na wanaume wawili walimpakia kwenye pikapu ya muuza maji wakamfikisha dispensari. Kaluki alifuata kwa miguu, akisimama kila mara apumue. Alipofika mlangoni, Nzilani alikuwa akipima presha kwa mara ya pili, uso umekazwa.

"Amekula nini? Amekunywa dawa gani?"

"Ile ya presha tu," Nzuki akasema. "Mimi sijui nyingine."

Muthoki alikuwa macho, lakini maneno yalimtoka nusu nusu. Kaluki angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Alitoa chupa mfukoni mwa aproni akaiweka mezani.

"Amemeza hizi. Mimi ndiye niliyempa."

Nzilani aliigeuza chupa huku na huku. "Hata haisemi ina nini. Na wewe umemeza?"

"Kila siku."

Nesi alimtazama kuanzia shingoni hadi miguuni, lakini kwanza alimhudumia Muthoki, akapata gari la kumpeleka hospitali kubwa. Gari lilipoondoka ndipo alipomwita Kaluki chumbani, akafunga mlango, akampandisha kwenye mizani. Kilo kumi na moja zilikuwa zimepungua tangu alipopimwa hapo Desemba.

"Kilo hizi si kazi ya vidonge peke yake," Nzilani akasema. "Umekohoa tangu lini?"

"Mwezi. Na zaidi."

"Mama Mutunga, mtu mwenye hali yako hapunguzi mwili kwa dawa ya barabarani. Moyo unakimbizwa, chakula kinakataliwa, na kama kuna ugonjwa mwingine, sote tunadhani ni vidonge. Ukitaka kupunguza kilo siku moja kwa ajili ya magoti, sikukatazi. Tutapanga pamoja, ukiwa na nguvu. Lakini dawa yoyote, hata ya mizizi, nione kwanza."

Alipimwa makohozi siku tatu mfululizo. Ilikuwa TB. Akaanza dawa za miezi minane, na vile vidonge Nzilani akavitupa chooni.

Muthoki alilazwa siku sita. Aliporudi, mdomo umepinda kidogo upande mmoja, Kaluki alikwenda kwake akamkuta amelala kitandani.

"Ile dawa haikuwa ya kupunguza mwili," alisema. "Ilikuwa ya kuonyesha watu."

"Watu gani?"

"Wewe. Nilikuwa nakonda kwa ugonjwa. Nina virusi, tangu Kivuva."

Muthoki aligeukia ukutani.

"Ungeniambia, ningekupikia uji," alisema. "Ukaona heri unipe sumu. Nenda nyumbani, Kaluki."

Kwa majuma saba hawakusemezana. Habari ilienea hata hivyo, maana dawa za TB huchukuliwa hadharani, na siku hizo watu waliona TB na ukimwi ni kitu kimoja. Wateja kadhaa walihamia kwa fundi mwingine. Kaluki alishona sare za shule, akala, akameza vidonge vyake. Kuanzia Juni alianza tena kuongeza kilo.

Kliniki ya presha na ya TB zilikuwa Jumanne. Jumanne moja Muthoki aliingia na bakora, akatazama benchi, akaketi karibu naye.

"Nesi ameniambia niache chumvi na nitembee," alisema bila kugeuka. "Chapati bila chumvi zinalika?"

"Zinalika."

"Hujui kupika wewe." Akavuta pumzi. "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Nataka kutembea mpaka gurdwara, lile hekalu la Masingasinga, na kurudi, kila asubuhi. Nzuki hana subira ya kuningoja. Wewe unaweza?"

Kaluki alisema kwa sasa hawezi kufika mbali hivyo bila kupumzika. Muthoki akasema hata yeye hawezi. Nesi akaita jina la Muthoki, naye akajikokota akaingia ndani.